Kompyuta ya Kushonesha

Mgeni aliyeshuka stendi ya Ifakara na kompyuta iliyokufa, akauliza fundi yuko wapi, alielekezwa kwa mshona nguo. Hakuna aliyekuwa anamtania. Pita soko, vuka barabara, utaona mlango wa bluu wenye sare za shule zimetundikwa nje. Mgeni alifika, akamkuta mama mnene mwenye tepu shingoni anasukuma kitambaa kwenye cherehani, akaomba radhi na kuondoka. Akiuliza tena mbele, alirudishwa palepale. Fundi mwenyewe alipenda kusimulia habari ya mtu mmoja aliyekwenda na kurudi mpaka akaketi kizingitini na kusema, "Mama, naona mji mzima umeamua nishone suruali." Kila alipoisimulia, mtu huyo alitoka mahali pengine. Mara alitoka Mlimba, mara Dar es Salaam, na siku moja nje ya kanisa, mbele ya wageni, alitoka Nairobi.

Sote tulimwita Fundi. Jina lake lilikuwepo, lakini lilisomwa kwenye matangazo ya parokia tu, na hata hapo watu waligeuka kuulizana huyo ni nani.

Nyumba yake ya kazi ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha nguo: cherehani, meza kubwa ya kukatia, pazia la kubadilishia, na vipande vya kitambaa sakafuni mpaka vifundo vya miguu. Cha nyuma kilikuwa cha kompyuta, na vijana walilipia humo kucheza gemu. Kati ya vyumba hakukuwa na mlango, kwa hiyo mama aliyekuja kupima gauni la harusi alipimwa huku nyuma yake watu wanakimbizana na magari na kufunga mabao. Fundi aliweka sheria. Ukiingia, shikamoo kwanza, ndipo uguse kitu. Unawe mikono. Mwenye sare za shule haingii saa za masomo, hata aseme mwalimu amefiwa. Na mteja akienda nyuma ya pazia, vijana wote macho mbele, vipokea sauti masikioni. Nimewahi kuona vijana wanane wamekauka kama picha, gemu linaendelea kuwaua, hakuna anayethubutu kujitetea kwa sababu kioo kilichokuwa upande wa kushoto kingemwonyesha anageuza shingo.

Aliingiaje kwenye kompyuta? Hilo alilieleza bila aibu yoyote, tena kwa majivuno. Alikuwa amenunua mashine ya kutarizi, ile inayochora maua na misalaba yenyewe kwenye nguo za kwaya, na mashine hiyo iliongozwa na kompyuta. Kompyuta ikafa. Mtengenezaji aliyekuwa Morogoro akaahidi kuja, akaahidi tena, na Pasaka inakaribia. Fundi akachukua bisibisi ya cherehani akaifungua. "Nikaiua kabisa," alisema. "Ilikuwa mgonjwa tu, mimi nikaimaliza. Lakini nilikuwa nimeiona ndani. Nikasema, kumbe hii ni nguo. Ina mgongo, ina mikono, ina mifuko. Kila kipande kimekatwa peke yake, kisha mtu ameunga." Aliiua na ya pili. Ya tatu ikapona, na kuanzia hapo hakuna aliyemwambia kitu.

Alipenda kujisifu, nami sitaki kumfanya mtakatifu. Akishinda hoja aliirudia kwa kila mteja wa siku hiyo. Akishindwa, alirudi kwenye Kipogoro na kusema peke yake huku anakata kitambaa. Aliamini mambo mengine ambayo hata mimi niliyeishia kidato cha pili niliyatilia shaka, kama vile kwamba kompyuta iliyotazama magharibi huchoka mapema. Lakini mambo ya bonde hili aliyajua. Mashine za kukoboa mpunga zikianza kunguruma, umeme unayumba, na pumba nyembamba inaelea mjini mpaka ndani ya vikombe. Fundi alikata chandarua kikuukuu, akakishona kwenye kifuniko kidogo chenye lastiki, akakivisha kila feni ya kompyuta. Kila Jumamosi alivivua vifuniko hivyo, akavifua na kuvianika kwenye kamba pamoja na vitambaa vya watoto. Nadhani hakuna mji mwingine ambao kompyuta zina nguo za kubadilisha.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Mchombe ambaye nyumba yake iliingia maji masika. Alikuwa amesikia kwamba simu ikiloa inawekwa ndani ya mchele. Kompyuta yake ilipoloa, akaona mchele ni wa kuuza, akaifukia kwenye gunia la mpunga. Mpunga mtupu, na maganda yake. Akaiacha humo mpaka barabara ilipopitika, akaileta kwa baiskeli ndani ya gunia lilelile. Fundi alipoifungua alitoa mapumba, wadudu, na punje chache zilizokuwa zimeanza kuota kwenye kona yenye unyevu.

"Umeipanda," alimwambia.

"Nilitaka ikauke, Fundi."

"Imekauka. Imekauka na imechipua. Ungesubiri kidogo ungevuna."

Bwana yule alicheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi alimsafishia kila kipande kwa brashi ya kiatu, na ajabu ni kwamba ile kompyuta iliwaka.

Katika jambo moja alikuwa mwongo, nalo ni siku ya kumaliza kazi. Mtu aliyekemea vijana kwa kudanganya dakika walizocheza, aliyerudisha nyuzi zilizobaki kwa mwenye kitambaa, ndiye aliyekuambia "njoo Alhamisi" akijua wazi kuwa kitambaa chako hakijakatwa. Ukija Alhamisi alikutazama kwa upole na kuuliza, "Alhamisi ipi?" Kwaya moja iliimba Pasaka mikono ya kanzu ikiwa imeshikizwa kwa pini. Waliponyanyua mikono kwenye aleluya, pini mbili ziliwaka kwa jua.

Lakini sare zetu zilikuwa tayari kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwepo Anjela na Festo. Niliweka madaftari juu ya kabati, nikaanza kuuza mchele karibu na stendi, na tangu hapo nimekuwa dada, na mama, na baba wa kupiga kelele. Nilipompeleka Festo kupimwa sare ya darasa la kwanza, Fundi alimzungusha kama chungu, akamvuta masikio, kisha akakata suruali ambayo pindo lake la ndani lilikuwa refu karibu kama mguu wenyewe. Nikamwambia kitambaa kinaishia ndani bure. "Huyu ataongezeka," alisema. "Nguo ya mtoto isiyo na pindo ni nguo ya mwaka mmoja." Suruali ile ilifumuliwa pindo mara kadhaa, na kila ilipofumuliwa palibaki mstari wa rangi nzito kwenye mguu, ukaonyesha Festo alikuwa wapi mwaka uliopita.

Festo ndiye aliyenifanya nimjue Fundi kwa undani, kwa sababu ya kompyuta.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yakatoka, lake halikuwemo. Asubuhi alinisaidia kupepeta mchele, mchana alikuwa chumba cha nyuma kwa Fundi. Alikuwa hodari huko. Vijana walisimama nyuma yake kumtazama. Rafiki yake mmoja alikuwa amehamia Mbeya na kufungua chumba cha gemu, akawa anampigia simu kila wiki: njoo tufanye kazi. Festo hakuniambia. Nilijua kwa namna alivyokuwa anatoka nje kupokea simu. Anjela alikuwa ameshaolewa Uchindile, na nyumba ilikuwa imebaki ya watu wawili. Mwaka ule mpunga ulitupatia faida. Nikamwambia Festo nitamnunulia kompyuta ya gemu, yake mwenyewe, nyumbani.

Sijawahi kumwona akitabasamu vile tangu mama aondoke. Tena siku hiyohiyo tukaanza kugombana, kwa sababu mimi nilitaka ya dukani, iliyokamilika, na yeye alitaka anunue vipande ajenge.

Duka lilikuwa la mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka pwani, mtu wa kanzu safi na maneno laini. Alikuwa ameleta kompyuta moja ya gemu akaiweka dirishani. Ilikuwa boksi kubwa lenye ubavu wa kioo, na ndani taa zilibadilika rangi, nyekundu, bluu, kijani, kama ina harusi. Kibodi, skrini, kila kitu chake, na waranti ya mwaka. "Mwanangu," aliniambia, "hii wafika nayo nyumbani, wachomeka, basi. Ikizingua, waniletea mimi. Ukinunua vipande Kariakoo kwa watu saba, ikizingua utamlilia nani?"

Nilikubaliana naye kwa kila neno. Watu hawaelewi jinsi vitu visivyokamilika vinavyochosha. Kwetu kiti kilikuwa na mguu wa mbao nyingine, sufuria ilikuwa na mfuniko wa sufuria nyingine, na familia yenyewe ilikuwa imeungwa kwa watu waliobaki. Nilitaka mara moja maishani nimpe mdogo wangu kitu ambacho hakuna aliyekikarabati.

Festo alimleta Fundi dukani aitazame. Mzee wa duka alipomwona anaingia na bisibisi alishika kichwa.

"Bi Fundi, wewe waharibu biashara za watu."

"Mimi? Wewe unauza masanduku. Mimi natazama kilichomo."

Alimruhusu aifungue. Wale wawili walitaniana miaka yote, na kila Idi nguo za nyumba ya mzee zilishonwa na Fundi, zikachelewa. Fundi alichungulia ndani muda mrefu, akashika hiki na kile. Kisha akafunga.

"Ni nzuri," alisema. "Imeshonwa vizuri. Lakini haina pindo. Hii pawa saplai, inayogawa umeme, inatosha kilichomo tu, na umbo lake ni la peke yake. Kesho akitaka kadi ya picha kubwa zaidi, haitabebeka. Bodi yenyewe imejaa, hakuna pa kuongeza hata ramu."

"Kompyuta haizai, Bi Fundi," alisema mzee. "Wataka ikue iende wapi?"

"Mtoto ndiye anayekua."

Nilitegemea ataniambia niiache. Hakusema. Hata siku za nyuma sikuwahi kumsikia akiponda vya dukani. Muuguzi mmoja alipokuja anataka kujenga kompyuta, Fundi alimuuliza maswali matatu akamfukuza: "Wewe huna muda na wala huna hamu. Kanunue iliyo tayari, uifurahie." Alisema nguo ya dukani imekatwa kwa mtu ambaye hayupo. Bahati ikiwa yako, mnafanana.

"Nitakuja kupima," aliniambia. "Kisha uamue."

Nilidhani ni maneno tu. Alikuja kweli, mchana, na tepu yake. Alipima meza. Alipima kutoka meza mpaka tundu la umeme. Alitazama dari pale panapovuja, akauliza maji huangukia wapi. Alisimama dirishani kusikiliza mashine ya kukoboa ya jirani, akaniomba niwashe taa, akaitazama inavyofifia kila mashine ilipovuta. Alimkalisha Festo kwenye kiti chenye mguu wa mbao nyingine, akampima kutoka kiwiko mpaka meza. Kisha akamtuma akanunue soda, na Festo alipotoka akaketi kitandani.

"Lile boksi kubwa vile la nini?"

"Ndilo alilolipenda, Fundi."

"Yeye alipenda kadi ya picha iliyomo. Boksi umelipenda wewe."

Nikaanza kufuta meza.

"Nimekutazama pale dukani. Ulilinyanyua kidogo, ukaona zito, ukafurahi. Mtu hafurahii uzito wa kitu bure." Alikuwa anaizungusha tepu kidoleni. "Mwanangu, hapa ninayempima ni nani?"

Nilimwambia. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia kuhusu Mbeya na simu za nje. Nikamwambia kwamba kioo kile hakiwezi kupanda treni. Mtu mwenye kitu kikubwa cha kuvunjika nyumbani hupata sababu ya kukaa. Nikasema nimewalea wote wawili, mmoja ameshakwenda, na mimi sijui nyumba isiyo na mtu wa kupikia inakuwaje.

Fundi hakunibembeleza. Alisema, "Hayo ni ya kweli. Ila ukimshonea mtu nguo ya kipimo chako, ataivaa kwa heshima, halafu ataivua." Festo akarudi na soda. Tukanywa, tukazungumza habari za kambare.

Nilikaa na jambo hilo mpaka mchele niliokuwa nao ukaisha na mwingine ukaja. Kisha nikaenda kwa mzee wa duka kumwambia tutajenga. Niliogopa atachukia. Alitoa tasbihi mfukoni, akaiangalia, akasema, "Basi skrini chukueni kwangu. Skrini haijengwi." Tukachukua skrini kwake.

Vipande vilikuja kwa basi, vingine kutoka kwa muuzaji huyu, vingine yule. Fundi alisafisha meza ya kukatia mpaka mbao zikaonekana, jambo ambalo wateja wake wa zamani walisimama mlangoni kulishangaa. Alimwambia Festo avue sweta la nailoni, anawe, aguse bomba la chuma kwanza ili umeme wa mwilini umtoke. Kisha yeye mwenyewe akarudi kwenye cherehani na kumgeuzia mgongo.

"Humsaidii?" niliuliza.

"Namsaidia. Nimempa meza."

Festo aliunga siku nzima. Prosesa, ramu, feni, nyaya ndogo kama nyuzi. Alipobonyeza kitufe, feni zilizunguka, taa ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Alibonyeza tena. Nyeusi. Uso wake ukarudi ule wa siku majina yalipotoka, nami ulimi wangu ukaniponyoka, "Si nilisema? Sasa tumlilie nani?" Alianza kufumua.

Kesho yake nilimkuta palepale, vipande vimetandazwa, vijana wa chumba cha nyuma wamesimama kila mmoja na ushauri wake. Nikamvuta Fundi nje.

"Unajua tatizo?"

"Najua tangu jana."

"Mwambie basi, jamani. Mtoto hajala."

"Nikimwambia itakuwa kompyuta yangu iliyo kwenu."

"Fundi, nakuomba."

"Mpelekee chakula," alisema. "Hilo ndilo lako." Akarudi ndani, na kwa sikio langu nikamsikia akimwambia mama wa kwaya kwamba vitambaa vyake vitakuwa tayari kesho.

Nilimpelekea wali na samaki. Alikula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kadi ya picha anaigeuza. Nikaona kidole chake kimesimama pembeni mwa kadi, penye tundu la waya wa skrini. Akaitazama bodi, nako kuna tundu kama hilo. Alikuwa amechomeka skrini kwenye bodi wakati wote, na picha zilikuwa zinatoka kwenye kadi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuzipokea. Akaunga vyote upya bila haraka. Akahamisha waya mmoja. Skrini ikawaka, maandishi meupe yakashuka, na chumba cha nyuma kikapiga kelele hadi mteja aliyekuwa nyuma ya pazia akatoka na gauni nusu.

Fundi hakugeuka. Lakini cherehani ilikuwa imesimama.

Festo alikaa nyumbani misimu miwili baada ya hapo. Nilimsikia chumbani akicheka na watu ambao hawakuwepo. Watu walianza kumletea kompyuta zao, naye akawaketisha na kuwaambia wafungue wenyewe, wakachukia, kisha wakarudi. Aliongeza ramu, akabadili kadi. Boksi lilikuwa dogo, la bati, halina kioo. Nilikuwa nimelizoea, na nikalifuta vumbi kila asubuhi kama sanamu ya Bikira.

Siku aliyoniambia anakwenda Mbeya, nilikuwa napanga mchele. Alinieleza vizuri, kwa heshima, na kila alichosema kilikuwa na akili. Jioni aliiweka kompyuta kitandani, akaifumua kipande kwa kipande. Bodi aliirudisha kwenye boksi lake la karatasi. Kadi aliifunga kwenye kitenge changu, akaniomba ruhusa. Vyote viliingia kwenye begi moja la mgongoni, na skrini akaniachia. Alipokwenda kupanda treni alitembea bila kuinama.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi na hasira zangu zote.

"Ingekuwa ile ya dukani asingeondoka," nilimwambia mbele ya wateja.

"Labda."

"Wewe ulijua itafumuka."

"Kila kilichounganishwa kinafumuka, mwanangu. Ulitaka niishone isifumuke?"

"Nilitaka akae."

"Hilo hukuniagiza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyoizoea. "Ungeniagiza, ningekuambia siliwezi."

Sikwenda kwake muda mrefu. Nilipita upande wa pili wa barabara. Nikisikia cherehani yake niliongeza mwendo, na nyumbani nilipika chakula kingi kuliko nilichoweza kula, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Festo alipiga simu kila Jumapili. Tuliulizana habari za afya na mvua, kisha tukawa tunasikilizana tunavyopumua.

Halafu siku moja nilipita nikakuta mlango wa bluu umefungwa, sare hazipo. Wakaniambia macho yamemsumbua, binti yake aliyeko Mkula amemchukua.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, baada ya mavuno. Nilimbebea mchele mpya wa Mchombe. Alikuwa ameketi barazani, amepungua mwili, na macho yake yalikuwa na ukungu. Mbele yake palikuwa na kikapu cha vifungo, anavitenganisha kwa vidole, vikubwa huku, vidogo huku.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akageuza sikio upande wangu. "Wewe ni yule wa mchele. Ulininunia."

"Nilikununia, ndiyo."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, kaa. Kijana amerudi?"

"Hajarudi. Ana chumba chake sasa, na ana mchumba. Fundi, amenitumia kompyuta."

Vidole vyake vikasimama. "Amekujengea?"

"Hapana. Ni ya dukani. Imefungwa kwenye boksi lake, karatasi zote, na waranti. Nimechomeka tu."

Nilimtazama nione kama atakunja uso. Alifikiri. Upepo wa barabarani ulileta vumbi, akafunika kikapu kwa kiganja.

"Imekaaje?" aliuliza.

"Imenikaa."

"Unaitumia?"

Nikamweleza, kwa aibu kidogo, mtu mzima mimi. Kuna gemu la malori. Festo amenifundisha kwa simu. Jioni nikishafunga biashara, yeye yuko Mbeya, mimi Ifakara, tunaingia barabara moja humo ndani, kila mtu na lori lake, tunapeleka mizigo. Barabara ni za Ulaya, zina theluji. Yeye anatangulia, mimi nafuata. Hatuzungumzi sana. Anasema, dada, kona hiyo. Nasema, nimeiona.

"Na wewe unaendesha polepole," alisema Fundi.

"Polepole sana."

"Anakuacha?"

"Haniachi. Nikichelewa anasimama pembeni, anawasha taa za kuashiria. Nikimfikia, tunaondoka."

Aliniuliza malori yana rangi gani, mizigo ni ya nini, kama kuna matuta. Alitaka kujua kila kitu, na kila nilichomweleza alitikisa kichwa kama mtu anayepokea kitambaa anakipima uzito. Binti yake alileta chai. Tukanywa mpaka jua likahamia upande wa pili wa baraza.

Nilipoaga, alisimama. Nikamwambia asisumbuke, barabara ni hapo tu. Alisema mgeni wake hasindikizwi na mlango. Akanishika mkono, tukatembea taratibu kupita migomba, mimi nikimwambia penye shimo na yeye akinijibu kwamba shimo hilo analijua kuliko mimi. Tukasimama ukingoni mwa barabara kungoja basi. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye nguvu, na ncha za vidole zilikuwa ngumu kwa sindano za miaka yote.

Yeye ndiye aliyelisikia basi kwanza. Mimi nilikuwa sijaona hata vumbi lake. Aliniachia mkono, akarudi nyuma hatua moja, akaikunja mikono yake tumboni, na basi lilikuwa bado halijatokea.